Kila Asubuhi Nilisema Baba Hajambo

Nimekosa, na kosa langu sina wa kugawana naye. Kila asubuhi nilimwambia mtu kwamba baba yangu hajambo, anashona, anakusalimu, hali baba yangu nilikuwa nimemteremsha kaburini mimi mwenyewe, nikiwa nimemshika upande wa miguu.

Sikuwa nimelewa. Sikutishwa na mtu. Niliulizwa habari za nyumbani, nikajibu.

Jina langu siliweki hapa. Mji wetu wa Palma ni mdogo, na aliyekuwapo siku ile akisoma atanijua bila jina. Wewe usiyenijua, nipe sikio lako tu. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Ni miaka ile gesi ilipoanza kusemwa. Kabla ya hapo, mgeni kwetu alikuwa mtu aliyevuka mto kivukoni Namoto, kutoka upande wa Mtwara, na magunia ya vitunguu. Mara wakaja wageni wa lugha zote, kofia ngumu kichwani, na meli zao za kupima chini ya bahari. Nyumba ya wageni ikajaa. Mimi nikapata kazi pale, mapokezi na meza ya matabicho, yaani chai ya asubuhi, kwa majaribio.

Shefu wetu, yaani mkubwa wa kazi, mtu wa Maputo, alituita wawili akasema, "Mwaka mpya nabakiza mmoja. Anayeweza kuzungumza na wageni ndiye atakayebaki."

Mwenzangu alikuwa na Kireno kizuri na meno mazuri. Mimi nilikuwa na Kiingereza.

Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe. Shikolani, yaani shuleni, tulipewa Kireno. Kiingereza nilikiokota redioni, na katika kitabu kikuukuu alichoniletea dada yangu Mwanahawa, aliyeolewa Mtwara. Kitabu kile kilikuwa na sura nzima ya mazungumzo mepesi. Kilisema: zungumzia hali ya hewa, familia na sikukuu. Usitaje maradhi. Usitaje dini. Tabasamu. Sura ile niliihifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma, na nadhani kwa hofu ile ile.

Lazima ujue nilivyo. Mimi nikituma ujumbe wa simu, kisha nikaona nimekosea herufi moja, chakula hakishuki. Sentensi naigeuza kichwani, naikagua mbele na nyuma, mpaka mtu niliyetaka kumwambia ameshaondoka. Watu hudhani mimi ni mpole. Mimi si mpole. Nasahihisha tu.

Mtu wangu wa mazoezi alikuwa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani kwetu, kanzu na sare za shikola. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini alikubali kuwa Mzungu wangu. Huku akikanyaga cherehani husema, "Haya. Mimi Mzungu. Nimetoka kwetu kwenye baridi. Nisemeshe."

Namsemesha. Haelewi hata neno, lakini ananikosoa.

"Umeharakisha. Mtu anayesalimia hakimbii."

"Baba, ndivyo wanavyosema wenyewe."

"Basi hata wenyewe wana haraka. Rudia."

Ndiye aliyenishonea shati la kazini, jeupe, la mfuko mmoja. Kola aliifumua akaishona upya, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kumtupa. Uzi kwenye tundu la sindano nilikuwa nikimtilia mimi. "Mkono unaona," alikuwa akisema. "Jicho ndilo linaloleta fujo."

Sasa Mista Kolini.

Mista Kolini alikuwa mtu wa makamo, mpima wa chini ya bahari, kwao nchi ya baridi. Aliamka kabla ya wenzake, akakaa peke yake kwenye matabicho na kikombe cha chai. Hakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nikajifunzia kwake. Hali ya hewa niliimaliza wiki ya kwanza. Nikaingia sura ya familia. Nikamweleza baba yangu ni fundi, anashona vizuri, ila macho, uzi namtilia mimi.

Akasema, kwa Kiingereza, "Mpe salamu zangu."

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba, "Mista Kolini anakusalimu."

Baba akasimamisha cherehani. Kwa baba, salamu haikupokelewa mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Mzungu kanisalimu mimi?"

"Wewe."

"Mwambie zimefika. Mwambie na mimi namsalimu, yeye na watu wa kwake wote. Na kama huko kwao ni baridi kweli, Mwenyezi Mungu awajaalie nguo nzito."

Nikazipeleka zote, pamoja na nguo nzito. Mista Kolini alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Tangu hapo salamu zikawa zinakwenda na kurudi, asubuhi kwa jioni, na mimi katikati. Kwetu, wewe msomaji unajua, salamu ni amana. Ukipewa unazifikisha. Ukishazifikisha unarudi kwa aliyekutuma, unamwambia zimefika.

Basi baba akashikwa na homa. Haikumpa siku nyingi. Tukamzika siku ile ile aliyofariki, baada ya alasiri.

Dada Mwanahawa hakuwahi, alikuwa uzazini kule Mtwara. Mama aliingia eda. Cherehani ikafunikwa kitambaa cha kapulana. Matanga yalipokwisha nikavaa shati langu jeupe nikarudi kazini. Shefu nilikuwa nimemtumia neno kwamba nina shughuli ya nyumbani, naye hakuuliza shughuli gani.

Mista Kolini alikuwa mezani pake.

"Ulipotea! Nyumbani hawajambo?"

Hapa ndipo naomba unielewe. Kunisamehe si lazima. Kunielewa tu.

Kwetu jibu la kwanza ni salama. Hata maiti awe ndani, ni salama. Mtu anafika kutoka Quionga na habari ya msiba, anaulizwa, "Habari za huko?" "Salama." "Watu wote?" "Wote salama." Anakaa, anapewa maji, anakunywa. Kisha anaulizwa tena, "Haya, tupe habari." Ndipo anasema, "Tumefiwa." Hakuna anayemwita mwongo. Salama ya kwanza ni mkeka. Unatandika mkeka kwanza, ndipo unatua mzigo.

Nikamtandikia mkeka Mista Kolini. Nikamwambia hawajambo, ahsante. Nikasimama na birika mkononi, nikingoja aniulize mara ya pili.

"Vizuri," akasema. "Nisogezee sukari."

Nikamsogezea sukari.

Akakoroga. "Na mzee? Bado anashona?"

Jamani! Mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu. Lakini shefu alikuwa nyuma yangu akipanga funguo, na kitabu kilisema usitaje maradhi. Kuhusu kifo hakikusema kitu, nikakisia.

"Bado anashona," nikasema.

"Mpe salamu."

"Nitampa."

Ole wangu. Nilitabasamu pia, kama sura ilivyoagiza.

Kesho yake akauliza kama salamu zilifika. Salamu zikifika zina jibu, na aliyekuwa akinipa majibu hayupo. Nikatunga. "Anakusalimu pia." Siku iliyofuata nikaongeza kwamba amemaliza sare za shikola. Halafu akaanza kanzu ya bwana arusi. Halafu joto likamsumbua kidogo, kisha akapata nafuu. Yule baba wa Kiingereza aliendelea vizuri sana. Kusema kweli, baba hakuwahi kuwa na afya njema kama aliyokuwa nayo kwenye matabicho yale.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisema popote. Nikisema "anashona", kwa muda ule wa kikombe kimoja cha chai, alikuwa anashona. Nilikuwa nikisikia kanyagio. Halafu narudi nyumbani, na kapulana iko juu ya cherehani.

Ndiyo maana sikuacha. Nisiseme ni shefu, wala kitabu.

Disemba ikaingia. Wewe unaijua Disemba yetu: joto la kupasua kichwa, maembe yanaoza chini, mvua inatishia haiji. Nyumba ya wageni ikapambwa kwa nyuzi zinazometameta, na ukutani, juu ya feni, ikabandikwa picha ya mtu wa theluji amevaa skafu. Wageni wakawa wanatoka jasho huku wakitakiana baridi njema. Na wote wakaanza kuulizana swali moja, asubuhi, mchana, ngazini, kwenye foleni ya chai: unakwenda nyumbani sikukuu?

Kitabu changu kilikuwa na swali hilo, na majibu yake. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilikuwa hata na sentensi za theluji, kwa tahadhari.

Nikamuuliza Mista Kolini. Akasema hapana, mwaka huu zamu imemwangukia, atabaki.

Nikasema nasikitika kusikia hivyo. Kitabu.

"Na wewe?" akaniuliza. "Nyinyi si hamna Natali?"

Nikamweleza. Sisi Waislamu hatuna Natali, hiyo Krismasi, lakini kwa serikali yetu siku ile ni feriadu, inaitwa Siku ya Familia, ofisi zinafungwa, kila mtu anakuwa kwao.

"Familia nzima? Na mzee?"

"Wote."

"Itakuwa vizuri," akasema, akatazama chai yake. Nikamwonea huruma. Nikasema kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa angesema.

"Karibu nyumbani kwetu."

Ukiwa unakula barazani na mtu akapita, unamwambia karibu. Yeye anajibu ahsante, nimeshiba, na huenda hajala tangu jana. Kila mtu amefanya wajibu wake, chakula kinaendelea. Nilikuwa nangoja ahsante nimeshiba.

"Nitakuja," akasema Mista Kolini. "Saa ngapi?"

Nikamwambia saa saba mchana. Sijui kwa nini. Aliuliza saa, nikataja saa.

Jioni ile nyumbani nikamkuta baba mdogo Saidi, mdogo wake baba, ndiye sasa mkubwa wetu. Alikuwa amekuja kupanga hitma ya arobaini.

"Tutaisogeza kidogo, iangukie feriadu," akasema. "Ndugu wa Pemba watakuwa na nafasi, na wa Mueda." Pemba anayoitaja ni mji wetu wa bara, si kile kisiwa. "Chakula kitoke saa saba. Unasemaje, mwanangu?"

Nikasema ni sawa. Ilikuwa sawa kweli. Ningesema nini?

Zilibaki siku za kutosha kumwambia Mista Kolini. "Baba yangu amefariki" ni sentensi fupi, nilikuwa naijua. Iliyonishinda ni ile ya kuitangulia. Nilihitaji sentensi ya kueleza kwamba yule niliyekuwa nasema anashona, wakati nasema anashona, alikuwa hashoni. Kiingereza kina nyakati nyingi sana. Nilizijaribu zote. Kila asubuhi naifikisha mezani, naona ina kasoro, narudi nayo jikoni.

Siku ikafika.

Wanaume walikuwa wamekaa mikekani barazani na uani, kanzu na kofia. Kisomo kimekwisha, pilau inapakuliwa. Mama alikuwa chumbani, pazia limeshushwa, maana mwenye eda hatoki mbele ya wanaume. Mimi nilikuwa nanawisha watu mikono.

Mista Kolini akatokea njiani, shati limepigwa pasi, kibunda kidogo kimefungwa karatasi ya kung'aa. Kichwani amevaa ile kofia yao nyekundu ya Natali, yenye mpira mweupe nchani.

Akasimama mbele ya hitma ya baba yangu, akafungua mikono, akasema kwa sauti, "Meri Krismasi!"

Wazee wakajibu, "Amin."

Nikaweka chini birika la kunawia.

Baba mdogo Saidi akanivuta kanzu. "Huyu si yule Mzungu wa salamu? Marehemu alikuwa akimtaja. Amekuja hitma! Mpe nafasi mbele. Sogeeni, jamani, mgeni wa marehemu huyu."

Wakamkalisha mbele, kati ya baba mdogo na Mwalimu Abudala wa madrasa. Mwalimu akaitazama kofia nyekundu, kisha akasema kwa upole, "Hata hivyo, amefunika kichwa."

Kutoka nyuma ya pazia mama akaniita. Nikasogea.

"Anasema nini mgeni?"

"Anatupa pole, mama."

Wakati ule ule Mista Kolini akacheka kicheko kirefu, sijui nini kimemfurahisha.

"Mbona anacheka?"

"Ndivyo wanavyotoa pole kwao."

"Masikini," akasema. "Mpelekeeni sinia."

Nikarudi. Mista Kolini akaniinamia, akaninong'oneza, "Yupi ni baba yako?"

Nikamtazama baba mdogo Saidi. Paji la uso ni lile lile. Masikio ni yale yale. Kwetu mdogo wake baba ni baba, nikajiambia, hapa hakuna uongo. Lakini nilijua anachoniuliza. Sitajificha nyuma ya mila, mila haikunituma.

"Huyu," nikasema.

Mista Kolini akamshika baba mdogo mkono kwa mikono yake miwili. Akampa kile kibunda. Ndani mlikuwa na miwani. Alikuwa ameagiza kwa mwenzake aliyekwenda likizo, ije kabla ya sikukuu.

"Mwambie," akaniambia, "sasa atatia uzi mwenyewe."

"Anasemaje?" akauliza baba mdogo.

"Anasema... poleni sana."

Baba mdogo akaivaa. Akatazama mikono yake. Akageuka akamtazama Mwalimu Abudala kwa makini.

"Mwalimu! Kumbe umezeeka hivi!"

Watu wakacheka. Kwenye arobaini ya baba yangu watu wakacheka, na Mista Kolini akacheka kuliko wote, na mimi nikatafsiri kicheko kwa tabasamu.

Ndipo dada Mwanahawa alipofika.

Alikuwa amecheleweshwa kivukoni Namoto. Alikuja na mtoto mchanga mgongoni, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona nyumba bila baba. Aliona cherehani imefunikwa. Akapiga kelele, "Baba! Baba yangu!" akaketi pale pale chini, vumbini, analia kama siku ya kwanza. Wanawake wakatoka kumwinua.

Mista Kolini akasimama. "Ana nini? Amepatwa na nini?"

Nikawa bado naitafuta sentensi. Dada alimsikia. Dada amesoma ng'ambo ya mto, Kiingereza chake kina makosa mengi na hakimsumbui hata kidogo. Akafuta uso kwa leso, akamjibu mwenyewe.

"Baba yetu amekufa. Hujui? Leo ndiyo arobaini yake."

Mista Kolini akamwonyesha baba mdogo mwenye miwani. "Si huyu hapa?"

"Huyo mdogo wake. Baba yuko kule," akasema dada, akaonyesha upande wa makaburi kwa kidole.

"Lini?"

Dada akamwambia lini.

Mista Kolini hakupayuka. Ningependa angepayuka. Akaivua ile kofia nyekundu, akaikunja, akaitia mfukoni, mpira mweupe ukabaki unaning'inia nje. Akanitazama. Niliona anarudi nyuma kwa mawazo, asubuhi moja baada ya nyingine.

"Yale maneno ya nguo nzito," akasema. "Alisema yeye?"

"Alisema yeye."

"Na kanzu ya bwana arusi?"

Nikaiangalia ile kofia mfukoni mwake.

Hapo ndipo nilipoiona gharama. Sikuwa nimempa mtu yule uongo tu. Nilikuwa nimemharibia na ya kweli. Sasa hakujua ni baba yupi, wa kweli au wa kutunga, aliyekuwa akimwombea.

Akarudi kukaa mkekani. Dua ilipoombwa akainua mikono kama wenzake. Akala matonge machache. Akawapa mkono waliomzunguka, mmoja mmoja, akaenda zake. Miwani alikataa kuichukua.

Ilibidi sasa nieleze, na nikaeleza, mbele ya ndugu wa Pemba na wa Mueda, nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenipiga. Mjomba mmoja wa Mueda aliuliza tu kama ni kazini ndiko wanakofundisha hivyo. Kisha kukazuka mjadala kama miwani ile inaingia kwenye mirathi. Mwalimu Abudala akasema zawadi kwa aliyekwisha kufa haisihi, irudishwe kwa mwenyewe. Wakasema mwenyewe kaikataa. Mjadala ukawa mrefu, na muda wote baba mdogo Saidi aliusikiliza akiwa ameivaa.

Watu walipopungua mama akaniita tena kwenye pazia.

"Ulikuwa unamwambia baba yako hajambo?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nikangoja. Nilitaka anitukane, nijue nimefika.

"Na yeye alikuwa anasemaje?"

"Anasema, mpe salamu."

"Ukazipeleka wapi?"

Nikalishika pindo la pazia.

"Mwanangu, yule mtu kila asubuhi amekukabidhi salamu za baba yako," akasema mama. Sauti yake haikupanda. "Umekaa nazo. Umezila. Umejijibu mwenyewe. Baba yako hajawahi kukaa na salamu ya mtu hata usiku mmoja. Nenda ukampe."

"Mama..."

"Mimi sitoki, mimi nina eda. Wewe una miguu. Nenda."

Nikaenda. Jua lilikuwa bado kali. Nikachutama pale kaburini, nikazungumza kwa Kiswahili, bila kitabu. Nikasema, baba, Mista Kolini anakusalimu. Ni nyingi, nimezichelewesha, nisamehe. Sikuharakisha. Mtu anayesalimia hakimbii.

Niliporudi mama akauliza kwa ufupi, "Zimefika?"

"Zimefika."

"Basi kamwambie aliyekutuma."

Ndilo hilo lililobaki. Kumwambia Mista Kolini kwamba salamu zake zimefika. Nikaanza kuitengeneza sentensi usiku ule ule. Ilitakiwa ieleze makaburi, na mama, na amana, na kwamba nguo nzito zilikuwa za kweli, na salamu zote za mwanzo, za siku alizokuwa hai, kila moja ilimfikia na alisimamisha cherehani kuipokea. Nilitaka ajue hilo la cherehani hasa.

Asubuhi nikamkuta mezani.

"Habari za asubuhi," akasema. "Joto leo."

"Joto sana," nikasema.

Hakuniuliza habari za nyumbani. Kesho yake pia hakuuliza. Hakunichukia, alinishukuru kwa chai, akaniambia mvua itanyesha, akaniambia haikunyesha. Mazungumzo mepesi kabisa, kama yalivyoandikwa. Kosa hata moja sikufanya.

Nami nikawa naisahihisha sentensi yangu.

Mwaka mpya shefu aliniita akanibakiza. Alisema amenisikia na yule Mzungu wa meza ya pembeni, amependa tunavyozungumza.

Siku Mista Kolini alipohamishwa, nilimbebea begi mpaka kwenye gari. Sentensi ilikuwa karibu tayari, ilibaki neno moja nililokuwa na shaka nalo. Akanipa mkono. Alisimama kidogo, nadhani alisimama kidogo, kama mtu anayengoja kuulizwa mara ya pili. Nikamwambia safari njema.

Kivumbi cha gari kilipotua, lile neno nikalipata.

Basi wewe unayesoma, kama una salamu ya mtu mfukoni, au una msiba ambao mtu amekuuliza na ukajibu salama, usingoje uulizwe tena. Wengine hawaulizi mara mbili, na si kwa ubaya. Sema. Sema na makosa yako, sema kama dada Mwanahawa, chini vumbini na mtoto mgongoni. Atakayekupenda ataelewa, na asiyekupenda hata sarufi haitakusaidia kwake.

Mimi ile sentensi ninayo mpaka leo. Haina kosa hata moja.